Maneno ya Nyuma ya Fishi

Vijana wa benki ya damu, mmeniomba niandike kitu katika lile daftari lenu la wastaafu kabla sijasahau. Msihangaike, sisahau. Ugonjwa wangu ni mwingine. Nitaandika Kiswahili bora, kile cha shule, kwa sababu bosi wangu wa kwanza hakukubali kingine kwenye karatasi, lakini watu nitakaowataja nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Lubumbashi. Kuhusu kupanda cheo sitasimulia. Nilipanda mara mbili, na mara zote mbili niliongezewa funguo nikaachiwa kiti kile kile.

Jina langu ni Albertine, lakini nadhani wengi wenu mnalisoma leo kwa mara ya kwanza. Mimi ni Mama Mwape tangu Mwape azaliwe, na Mwape alikuwa na miezi minne nilipoingia mlango ule wa bluu. Siku ya kwanza maziwa yalinijaa hadi blauzi ikalowa, nami nikasimama nimekumbatia faili moja kifuani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Papa Ramazani aliona, akajifanya hakuona, akaniambia nipeleke ile faili nyumbani nikaisome vizuri, nirudi saa nane. Nyumbani kwetu kulikuwa karibu. Faili ilikuwa tupu.

Papa Ramazani ndiye aliyekuwa mkuu wa biro, ofisi ya watoaji damu. Ukoo wao ulitoka Maniema, babu yake alikuwa fundi wa kushona, na yeye mwenyewe alivaa koti jeupe lililopigwa pasi utadhani kila siku ni Idi. Alinikabidhi sanduku la mbao lenye fishi, yaani kadi ngumu, kila mtoaji na yake. Juu ya sanduku akaweka biki ya wino wa bluu, kreyo moja ya risasi iliyochongwa, na gomu ya kufutia.

"Mbele biki, nyuma kreyo," alisema. "Damu ya muntu haibadilike. Muntu njo anabadilika."

Mbele ya fishi kuliandikwa jina, kundi la damu, mtaa, na jina ambalo mtu anaitwa na majirani. Nyuma ndipo penye kazi yenyewe. Nyuma kulikuwa na namna ya kumpata mtu huyo: upite kwa nani, umkute saa ngapi, umwambie nini, usimwambie nini. Kulikuwa na kijana mmoja wa damu nzuri sana ambaye mama yake aliamini damu ikitoka hairudi. Nyuma ya fishi yake Papa Ramazani aliandika: "Mama asijue. Sema kwaya inakungoja saa nane." Nilimwita kwenye kwaya ile miaka mingi. Alikuwa hajui kuimba hata kidogo.

Na kulikuwa na jambo la majina. Kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake, hilo mnalijua. Sasa mtoto akifa? Wako wazazi wanaotaka jina lile libaki midomoni mwa watu, ndilo kaburi lao la kutembelea. Wako wasiotaka kulisikia tena hadi siku yao. "Usikisie," Papa Ramazani aliniambia. "Uliza pole pole, ufute, uandike." Kwa sababu hiyo kreyo ilikwisha haraka kuliko biki, na gomu haraka kuliko vyote.

Alistaafu, akatutoka mwaka uliofuata, na sanduku likabaki kwangu. Muda si mrefu ikaletwa kompyuta ya kwanza, skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Niliichukia mwaka mzima. Nililificha sanduku chini ya meza na kulifungua mgeni akitoka. Lakini daktari mkuu aliamuru fishi zote ziingizwe humo, nami nikaziingiza kwa vidole hivi viwili, masika mbili nzima, mbele na nyuma. Programu ilikuwa imetengenezwa na mtu aliyejua kazi, sijui nani. Ukurasa wa kwanza, wenye kundi la damu na majina, ulikuwa umefungwa: ukishaandika, ni daktari mkuu peke yake aliyeweza kubadilisha, kwa neno lake la siri, kusudi mtu asije akageuza O kuwa A kwa usingizi. Lakini ukibonyeza F7 unafunguka ukurasa wa pili, wa maelezo, ambao yeyote angeweza kuandika na kufuta. Nilipoiona F7 moyo wangu ulitulia. Niliiambia ile mashini, kwa sauti: basi, tutaelewana.

Na tulielewana. Umeme ukikatika ilizimika bila kulalamika, ukirudi iliwaka kabla sijamaliza kufunga kitambaa kichwani. Haikuniuliza kitu nisichokijua. Tulizeeka pamoja, na asubuhi shingo iliyoanza kulia kwa uzee ilikuwa yangu.

Miongoni mwa watu wa sanduku lile alikuwapo Kabwe Séraphin, muuzaji wa samaki wa Kasenga, anakaa Naviundu. Damu yake ni O négatif, na nyie mnajua nikisema hivyo nasema nini: anayeihitaji hiyo hawezi kupewa nyingine. Huyu bwana hakuwahi kutukatalia. Ukimwita anaacha samaki, ananawa, anakuja. Mara moja alikuja na mtoto wake wa kwanza, msichana, Chola, kama miaka kumi hivi. Mtoto alimshika baba yake mkono ule mwingine, akawa anamwambia, "Baba, usiangalie sindano, uniangalie miye." Tulicheka wote.

Chola alikufa masika iliyofuata, homa ya siku tatu. Baada ya arobaini Kabwe alikuja mwenyewe bila kuitwa, akatoa damu, na alipokuwa anafunga kifungo cha mkono wa shati akasema, "Mama Mwape, ile jina musiniite tena. Bibi yangu akiisikia, anaanguka. Muniite Papa Séraphin."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umefungwa, na daktari mkuu alikuwa safarini. Nilibonyeza F7, nikaandika: "Chola amekufa. USIMWITE Baba Chola. Sema Papa Séraphin. Simu anashika mke wake. Pita kwanza kwa Mama Odette, shemeji yake." Na namba ya Mama Odette. Daktari aliporudi sikumwambia abadilishe ule wa mbele. Sikuona haja, maana maelezo yalikuwapo na mimi nilikuwapo.

Sasa nifike kwenye sistemu mpya. Mashini ya zamani haikuwa na ubaya wowote, ila ilizeeka, na wanasema sistemu yake haikuwa tena na watu wa kuilinda. Zikaletwa kompyuta tatu, nyembamba, na sistemu ya rangi rangi. Siku ya kwanza ilinisalimu kwa jina, ikaniambia hali ya hewa ya mji ambao sijawahi kuusikia, ikataka neno la siri lenye herufi kubwa na namba na alama. Nikaliweka. Baada ya mwezi ikasema neno lile limezeeka. Kitufe cha A kilikuwa mahali pengine, kwa hiyo nusu ya majina niliyoandika yalianza na Q. Printa yetu, ambayo ilikuwa imesimama mezani pale miaka yote, sistemu ilisema haiioni. Nikaigonga kwa mkono nikaiambia, hii hapa. Tena ile tabia yake ya kujitengeneza yenyewe katikati ya kazi: kiduara kinazunguka, chini yake "usizime kompyuta", na wewe umekaa umeshika kichupa cha damu kama mshumaa wa komunyo.

Pamoja na mashini aliletwa Nadège. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, hajaolewa, hana mtoto, kwa hiyo aliitwa Nadège tu. Huyu msichana alikuwa na mkono ambao sijauona kwa mwingine: mshipa aliupata kwa kugusa, hata kwa wazee wa mishipa iliyokimbia. Watoaji wakafikia kuuliza kama yupo ndipo wakae. Naye alizipenda zile mashini. Nilipokwama alikuja nyuma yangu akasema, "Mama Mwape, bonyeza hapa kiloko, itakuya," na ilikuja. Alisema kwa heshima. Mimi nilisikia dharau, kwa sababu niliitafuta.

Wiki ile ya kuhama, daktari mkuu aliniambia mbele ya watu wote, akicheka, "Mama Mwape atazoea, ama atapumzika." Watu wakacheka naye. Alasiri ya siku hiyo hiyo akaja fundi wa kompyuta, kijana mpole anayeitwa Trésor, aliyekodishwa kwa mwezi mmoja kuhamisha kila kitu. Akakaa karibu nami.

"Mama, ile page ya kwanza itapita yenyewe," alisema. "Ile ya F7, hapana. Ile itaniomba siku mbili, tatu za kuandika programu. Mule ndani iko kitu ya maana?"

"Hakuna kitu," nilisema.

"Kweli, mama? Juu nikifuta, nimefuta."

"Nimekuambia hakuna kitu. Ni maneno ya bazee."

Alishukuru, akaendelea na kazi yake. Nimejiambia miaka yote hii kwamba sikuwa nafikiria mtu yeyote siku ile, nilikuwa na hasira tu. Kitu nilichotaka nakijua: nilitaka ile mashini ishindwe, waje wote, na daktari mbele yao, waniombe. Maneno yote yale nilikuwa nayo kichwani. Nilitaka kichwa hicho kiwe na kazi. Ijumaa mashini ya zamani ilifutwa, ikabebwa, na Trésor mkataba wake ulipokwisha akaenda Kolwezi.

Zikapita wiki sita hivi. Ilikuwa saa sita mchana, mvua imekatika, nami nilikuwa kwenye lavabo naosha vichupa. Mkunga alikuja akikimbia kutoka materniti. Kuna mama amejifungua salama, mtoto analia vizuri, lakini damu ya mama haikatiki. O négatif. Friji yetu ilikuwa haina hata mfuko mmoja wa kundi hilo. Nadège alikimbilia mashini. Mashini ilikuwa inajitengeneza, kiduara kinazunguka.

Aligeuka akanitazama. "Mama Mwape, hauna fishi moja ya zamani? Hata ku kichwa?"

Nilikuwa nazo, tatu. Nami nikamjibu, bila kugeuka, "Tungoje. Si mulisema hii mupya iko mbio?"

Neno hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kiduara kilisimama dakika hiyo hiyo, skrini ikafunguka, nami hata nikaudhika kwamba imefunguka. Nadège alisoma kwa sauti. Wa kwanza amehamia Mitwaba. Wa pili alitoa damu wiki tatu zilizopita. Wa tatu akamwona, akashika simu. Bomba lilikuwa wazi, maji yanapiga vichupa, ndiyo maana nilichelewa kusikia.

"Allô, yambo sana. Ni ku banque ya damu. Niko nasema na Baba Chola?"

Nilifunga bomba.

"Baba Chola? Allô? Réseau iko mubaya. Baba Chola, unanisikia?"

Upande wa pili kimya. Nadège alifikiri ni mtandao, kama sisi sote tunavyofikiri simu ikinyamaza katika mji huu, kwa hiyo akapaza sauti ili jina lifike vizuri. Alilisema mara nne kabla sijafika mezani kumshika mkono. Ndipo sauti ya mwanamume ikasema, "Ile jina nani amekupatia?" Simu ikakatwa. Tulipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Nadège aliniuliza amekosea nini. Nikamwambia mtoto alikufa. Alikaa chini palepale, mkono mdomoni. Sikumwambia zaidi, na mgonjwa alikuwa anasubiri, na huo ndio udhuru wangu wa kwanza. Niliomba jeep ya hospitali, nikampigia Mama Odette njiani. Namba yake sikuwahi kuisahau.

Naviundu tulimkuta Papa Séraphin amesimama mbele ya nyumba, mikono yake imejaa magamba ya samaki. Mama Odette alikuwa amefika kabla yetu, yuko ndani. Ndani mwanamke alikuwa analia, kilio cha chini, cha mtu ambaye alishamaliza kulia zamani na sasa anaanzishwa upya. Papa Séraphin alinieleza bila kupandisha sauti. Mikono yake ilikuwa na samaki, kwa hiyo bibi yake ndiye aliyeishika simu, akaiweka kwenye haut-parleur, sauti ya nje, na jina lilitoka nyumba nzima. Mara nne. Mle ndani lilikuwa halijatamkwa tangu siku ya maziko.

Nilipiga magoti kwenye matope. Nilisema habari ya mama aliyejifungua, wa kundi lake, anayekaribia kututoka. Alitazama mlango wa nyumba yake. Kisha akasema, "Ule mama hana kosa," akaenda kunawa.

Alitoa damu siku ile. Nadège hakuthubutu kumgusa. Nilimchoma mimi, nikakosa mshipa mara ya kwanza. Mama yule alipona. Nilimwona baadaye akitoka na mtoto mgongoni, na hilo mliandike, kwa sababu kazi yenu ni hiyo.

Alipokuwa anaondoka, Papa Séraphin alisimama mbele yangu, Nadège akiwa hatua mbili tu nyuma. "Mama Mwape, weye ulikuwa unatuchunga," alisema. "Hii miaka yote, hata siku moja ile jina haikutoka huku. Sasa mumeacha kazi ku batoto benye kukosa heshima. Miye nimemaliza. Musinitafute tena."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Sentensi moja ingetosha. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikapokea shukrani zake, na lawama nikaiacha ipite juu yangu imfikie msichana. Hakurudi tena, Papa Séraphin. Mara mbili baada ya hapo tuliitafuta damu ya kundi hilo mji mzima, na mara moja hatukuipata kwa wakati. Jina la mgonjwa huyo ninalo, sitaliandika.

Jumatatu kulikuwa na kikao. Daktari mkuu aliuliza inakuwaje mtoaji anapigiwa simu bila kuhakikisha habari zake. Nadège alisema ukurasa ulionyesha hivyo. Daktari akasema mashini haina adabu, adabu ni ya mtu, na kila mtu alikubali kwa kichwa, nami kichwa changu kilikuwamo. Nadège aliandika barua ya kuomba radhi. Nilimsaidia kuiandika, naam, nilimsahihishia Kifaransa. Wakamhamishia kwa madaktari wa meno, kwenye dirisha la kupokea wagonjwa, kuandika majina na kuita namba. Mkono ule, kuita namba. Na mimi niliombwa mbele ya wote niwafundishe wengine jinsi ya kuwaita watoaji, na daktari akasema kwamba kumbe alinikosea. Nilikuwa nimepata kile nilichokitaka.

Majuto ni mjukuu, walisema wazee. Wangu ameshazaliwa, ameota meno, anakaa nami nyumbani.

Siku ya kuniaga mlileta keki, mkaleta vitenge, mkapiga picha. Nadège alikuja kutoka kule kwa meno na koti lake safi, akaomba aseme neno moja. Alisema, "Mama Mwape, ile siku niliharibu, weye njo ulipanda mu jeep kwenda kutengeneza. Haukunichekelea hata siku moja. Mungu akuchunge." Mlipiga makofi. Nilimkumbatia. Kisha nikala keki.

Tangu hapo nimekwenda mara tatu hadi dirishani kwake. Mara zote tatu niliuliza habari za nyumbani nikarudi. Kwa hiyo, kabla ya kuliweka daftari hili rafuni, mpelekeeni yeye kwanza asome, na akitaka kuupasua ukurasa huu, msimzuie. Na daktari mkuu naye asome, ajue nani aliyestahili kuhamishwa.

Nadège, mwanangu, haukuharibu kitu. Ulisoma kilichokuwapo, na kilichokosekana nilikikosesha mimi. Na lile nililoandika hapo juu, kwamba siku ya Trésor sikuwa nafikiria mtu yeyote, si kweli. Aliponiuliza mara ya pili nilimfikiria Papa Séraphin. Niliona hata yale maneno niliyoyaandika, na namba ya Mama Odette chini yake. Nikamwambia hakuna kitu.